Kujitegemea kwa chakula hapa Tooting: bustani yetu, sukuma wiki na dawa za wifi yangu

  

Leo tuzungumzie jambo ambalo naona linawavutia wenzetu wengi hapa ughaibuni: kulima chakula chako mwenyewe, kuoka mkate nyumbani na kupunguza kutegemea duka. Mimi ni muuguzi, nilisomea kazi hii Dar es Salaam kisha nikasoma tena hapa London. Familia yangu imejaribu maisha hayo tangu mwaka 2023. Yametupa faida kubwa. Pia nusura yatuletee msiba, na kosa lilikuwa langu. Ndiyo sababu nimeamua kuandika.

TULIVYOANZA

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania miaka ya 80 na 90 tunaikumbuka Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Asubuhi unakwenda shule na jembe na kidumu cha maji, mchana uko shambani. Wengi wetu hatukuipenda kabisa. Lakini bei za vyakula zilipopanda hapa Uingereza mwaka 2022, mume wangu aliniambia, "Mama watoto, hivi kweli sisi wa kununua mboga kwenye vifuko vya plastiki, na wote tumekulia shambani?"

Jina letu lilikuwa kwenye foleni ya alotimenti, yaani zile bustani za kukodi, tangu mwaka 2017. Mwaka 2023 tukapata nusu kiwanja. Kiwanja kizima kwa kipimo cha Waingereza ni kama mita za mraba 250, kwa hiyo sisi tuna kama 125. Tukapanda sukuma wiki, maharage, viazi, vitunguu, maboga kwa ajili ya majani yake, na mchicha. Mbegu za mchicha hapa zitafute kwa jina la callaloo, ndivyo Wajamaika wanavyouita.

Nisiwadanganye: hatujajitosheleza. Unga, mchele na mafuta bado tunanunua, na mihogo na bamia tunafuata kwenye masoko ya Tooting Broadway kama zamani. Mchicha ukipigwa na baridi ya kwanza unakufa wote. Lakini sukuma wiki inavumilia hata theluji, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi mboga za majani tulikuwa hatununui kabisa. Friza ilijaa.

Kiafya nako tuliona mabadiliko. Mume wangu ana presha. Kulima, kula mboga zaidi na kupika bila zile chumvi za vipakiti kulimsaidia, na baada ya miezi kadhaa dozi yake ilipunguzwa. Angalieni hapo: aliyepunguza dozi ni daktari baada ya kumpima. Yeye mwenyewe hakugusa vidonge vyake.

YALIYOMPATA WIFI YANGU

Wifi yangu tunaishi naye. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa na ambao umeharibu mioyo ya watoto wengi kule kwetu. Alipofika ukubwani akawekewa valvu ya bandia ya chuma kwenye moyo. Mtu mwenye valvu ya namna hiyo anameza warfarini maisha yake yote ili damu isigande juu ya valvu. Anapimwa damu mara kwa mara, kipimo kinaitwa INR. Yeye anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Mwezi wa tisa mwaka 2024 kliniki ikampigia simu. INR yake imeshuka hadi 1.6.

Muuguzi akamuuliza, "Dada, umesahau vidonge?"

"Sijasahau hata kimoja."

"Kuna dawa mpya umeanza? Chakula je, umebadilisha?"

Wifi akacheka. "Chakula? Siku hizi nakula mboga za kaka yangu mchana na usiku!"

Aliponisimulia jioni ile nilikaa chini. Warfarini inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K, ambayo mwili huitumia kugandisha damu. Na sukuma wiki, mchicha, spinachi na mboga nyingine za kijani kibichi zimejaa vitamini K. Dozi ya wifi ilipangwa wakati anakula wali na kuku, mboga mara moja kwa wiki. Sisi tukamletea sufuria nzima kila siku. Damu ingeweza kuganda kwenye valvu, au bonge likapanda kichwani na kumletea kiharusi.

Kazini mimi ndiye ninayewaeleza wagonjwa jambo hili. Nyumbani nilikuwa ninapakua tu na kusema, "Ongeza wifi, hii haina kemikali."

Alichomwa sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku kadhaa, dozi ya warfarini ikarekebishwa, na leo hajambo. Mboga hakukatazwa. Aliambiwa ale kiasi kilekile kila siku, ili dozi iendane nacho.

KABLA HUJASHIKA JEMBE

1. Orodhesha dawa za kila mtu nyumbani. Ukibadilisha chakula kwa kiasi kikubwa, mwambie daktari, muuguzi au mfamasia wako. Anayetumia warfarini aijulishe kliniki yake mapema, asisubiri kipimo kiharibike. Dawa mpya zaidi kama apixaban hazibadilishwi na mboga namna hii, kwa hiyo jua unatumia ipi.

2. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kuhusu potasiamu. Maharage, viazi na mboga za majani zina potasiamu nyingi, na figo dhaifu inashindwa kuitoa.

3. Usiache vidonge vya presha au sukari kwa sababu unajisikia vizuri. Presha haiumi.

4. Udongo wa mijini unaweza kuwa na madini ya risasi. Ulizia ardhi ile ilitumika kwa kazi gani zamani. Kama huna uhakika, tengeneza boksi la mbao, lijaze udongo na mboji ya kununua. Osha mboga vizuri, menya za mizizi, na watoto wanawe mikono.

5. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda imekamilika. Vaa glavu, hasa mama mjamzito, kwa sababu kinyesi cha paka kwenye udongo kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mfuko wa mboji ufungulie nje, usiuinamie ukavuta vumbi lake.

6. Maharage mekundu yachemke sawasawa si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Mboga za akiba ziweke kwenye friza. Kufunga mboga kwenye chupa bila utaalamu kunaweza kukuletea sumu ya kuua.

7. Kulima nje hakutoshi kukupa vitamini D. Jua la hapa kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tatu halina nguvu hiyo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa tufikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

8. Kuku: mume wangu alishaanza kuota kuku wa kienyeji! Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hapa England hata kuku mmoja lazima aandikishwe serikalini. Tena hairuhusiwi kuwapa makombo ya jikoni kwako, labda nyumba yenu haili nyama, mayai wala maziwa. Tumeahirisha.

9. Mbegu kutoka nyumbani usizifiche kwenye begi. Zinahitaji cheti cha afya ya mimea.

Na jambo la mwisho, kwa kila nyumba: ukiona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono umekosa nguvu au maneno hayatoki sawasawa, piga 999 hapohapo. Usimpe chai kwanza, usisubiri asubuhi.

Sisi tunaendelea kulima. Wifi sasa ana bakuli lake dogo la bluu, hilo ndilo kipimo chake cha mboga kila siku, na watoto wamekatazwa kulitumia. Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari anayekujua. Kwa leo naishia hapa. Kila la heri na bustani zenu, tukutane tena tukijaaliwa.