Je, Wajua? RAM Mbili Huishinda Moja

Je, wajua kwamba katika kompyuta ya gemu unayojiundia mwenyewe, RAM mbili za GB 16 kwa kawaida huenda kasi kuliko moja ya GB 32? Prosesa za kawaida za kompyuta za mezani huwasiliana na RAM kwa njia mbili kwa pamoja. Ukichomeka moja tu, njia ya pili inakaa bure, na picha za gemu huweza kukwamakwama. Mazabodi ikiwa na nafasi nne, mara nyingi zinazotakiwa kujazwa kwanza ni ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Usinunue RAM kabla ya mazabodi. Aina mbili za RAM, DDR4 na DDR5, zote zina pini 288, lakini kipengo cha chini kimekatwa mahali tofauti, kwa hiyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Mazabodi yenye soketi ya prosesa ya AMD AM4, ya mwaka 2016, hutumia DDR4. AM5, ya mwaka 2022, hukubali DDR5 peke yake.

Hili la mwisho linaniuma zaidi: RAM ya DDR5 iliyoandikwa kasi ya 6000 kwenye boksi huweza kuanza kazi kwa 4800 tu. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi, uwashe EXPO au XMP ili RAM ifikie kasi iliyoandikwa. Watu wengi wamelipia kasi hiyo kwa pesa ya jasho na hawajawahi kuitumia hata siku moja.