Mtumbwi kwanza, ndoana baadaye Mto Kagera

MVUVI wa Murongo, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, hategemei ziwa tulivu. Anategemea Mto Kagera, unaotenganisha Tanzania na Uganda mahali hapo, wenye mkondo wa nguvu, mamba na viboko. Mtumbwi unaovuja humo ni hatari kuliko ndoana butu.

Kwa sababu hiyo, matayarisho huanza na chombo. Mtumbwi wa mbao huvutwa nchi kavu, ukapinduliwa kivulini. Jua kali la siku nyingi hupasua mbao na kuachanisha viungo. Pamba kuukuu iliyomo katika viungo hung'olewa, na mpya iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa kwa patasi butu. Misumari iliyoliwa na kutu haina budi kubadilishwa.

Kambare huwinda zaidi usiku, chini kabisa. Mshipi wake uwe mnene, wenye chubwi na chambo cha minyoo, utegwe jioni na kukaguliwa kukipambazuka. Ningu ni habari nyingine: hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga, na nyavu zinazotegwa kwenye midomo ya mito zimempunguza mno. Sumu na baruti zimepigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Jirani lipo pia bwawa la umeme la Kikagati-Murongo, la megawati 14. Kasi na kina cha maji karibu nalo vinaweza kubadilika ghafla, hivyo mtumbwi ukae mbali, na jaketi la kuokolea livaliwe hata na ajuaye kuogelea.