Ushuhuda wa Wenye Priamplifaya za Valvu

Katika vyombo vyote vya kusikilizia muziki nyumbani, sidhani kama kipo kinachosifiwa kwa maneno mengi, na kwa maneno yanayopingana, kuliko priamplifaya ya valvu, yaani kile chombo kidogo kikaacho kati ya santuri na amplifaya kubwa, ambacho kazi yake ni kupokea umeme dhaifu wa sauti, kuukuza kwa kadiri ya haja, na kumpa msikilizaji mamlaka juu ya ukubwa wa sauti isikikayo. Mwenye kimoja atakuambia kuwa tangu alipokiweka sebuleni, mwimbaji amepata kifua na pumzi, na udi umepata mbao na nyuzi. Mwenye cha pili, kilichotoka katika kiwanda kile kile na chenye valvu za namna ile ile, atashitaki kwamba besi imekonda na muziki umepoa. Nimekaa na vyombo hivi kwa muda mrefu, nikivisikiliza na kuvifungua, na itikadi yangu ni kwamba mashahidi hawa wote wawili ni wakweli, walakini kila mmoja wao anashuhudia jambo kubwa kuliko analolidhani, kwa kuwa hashuhudii priamplifaya peke yake, bali ushirika wake na vyombo vilivyoungwa mbele na nyuma yake.

Nitachukua kwa mfano priamplifaya moja mashuhuri, PAS-3 ya Dynaco, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1955 mjini Philadelphia, Marekani, na David Hafler pamoja na Ed Laurent. Chombo hiki kilienea mno katika miaka ya 1960, hususan kwa sababu kiliuzwa hata kikiwa vipande ndani ya sanduku, pamoja na kitabu cha maelekezo, ili mnunuzi akiunge mwenyewe kwa pasi ya lehemu mezani pake, akaokoa fedha na akapata maarifa kwa wakati mmoja. Ndani yake mna valvu nne za 12AX7, ambazo Wazungu wa Ulaya huziita ECC83, mbili kwa ajili ya santuri na mbili kwa ajili ya sauti iliyokwisha pata nguvu, na ya tano, 12X4, ambayo kazi yake ni kunyoosha umeme uendao na kurudi ili uwe umeme wa upande mmoja.

Valvu yenyewe ni bomba la kioo lililotolewa hewa. Katikati yake husimama kathodi, ambayo ikipashwa moto hutoa elektroni. Pembeni huzunguka anodi, yenye voliti mia na zaidi za kuzivuta elektroni hizo. Na baina ya hizo mbili umewekwa wavu mwembamba uitwao gridi, ambao badiliko dogo la umeme wake hulegeza au huzuia msafara wote. Katika 12AX7, voliti 1 ikibadilika katika gridi hutenda kazi sawa na voliti 100 zikibadilika katika anodi, na hiyo ndiyo sababu valvu hii ikapendwa na watengenezaji wa priamplifaya tangu ilipotolewa na RCA katika miaka ya 1940.

Sasa tuje katika neno linalotangulia katika kila ushuhuda, nalo ni joto la sauti. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba valvu ya triodi, yaani hii yenye kathodi, gridi na anodi, inapokuza noti, huongeza juu yake kivuli cha noti ile ile kwa oktava moja juu, na kwa kuwa oktava ni jamaa wa karibu wa noti ya asili, sikio hulipokea ongezeko hilo kama utajiri wa sauti na si kama kasoro. Maelezo haya ni ya kweli kwa jinsi yalivyo, na katika priamplifaya zilizosanifiwa kwa triodi moja isiyosahihishwa yana uzito wake. Lakini PAS-3 si ya namna hiyo. Humo sehemu ya sauti itokayo hurudishwa nyuma ili kusahihisha ile iingiayo, na taksiri inayobakia ni ndogo mno, chini kabisa ya sehemu moja katika mia kwa kiwango cha kawaida cha kusikiliza. Mtu akiniambia kuwa PAS-3 yake ina joto, simkanushi. Ila joto hilo nalitafuta mahali pengine.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni pale waya wa priamplifaya unapoingia katika amplifaya. Aghalabu, kwenye mlango wa kutokea wa priamplifaya ya valvu huwekwa kapasita, ili umeme mkubwa wa anodi usipite kwenda kuunguza vilivyo mbele, na sauti peke yake ndiyo ipite. Kapasita hii, pamoja na ukinzani wa amplifaya inayopokea, huweka mpaka ambao chini yake besi huanza kupungua. Tuseme ni kapasita ya maikrofaradi 0.1. Ukiiunga na amplifaya yenye ukinzani wa ohm 100,000, mpaka utakuwa karibu na hezi 16, chini ya karibu kila kitu mwanadamu awezacho kukiita noti. Lakini ukiiunga kapasita ile ile na amplifaya ya transista yenye ohm 10,000, kama zilivyo nyingi, mpaka utapanda mpaka karibu na hezi 160, na hapo ngoma itapoteza uzito wake na fidla kubwa itabaki na mkwaruzo wa uta bila ya kifua. Hesabu hii mtu yeyote aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi, nayo yatosha kueleza nusu ya magomvi yote baina ya wenye valvu. Dynaco walikusudia PAS-3 iambatane na amplifaya yao ya valvu, Stereo 70, ambayo mlango wake wa kuingilia una ukinzani wa ohm 470,000, mzigo mwepesi kabisa kuubeba. Mtu wa leo anayekitwaa chombo hicho akakiunganisha na amplifaya ya kisasa, kisha akatoa hukumu kwamba valvu hazina besi, amekinyima mwenza wake wa tangu awali na kukitaka kifanye kazi ile ile.

Ndiyo maana nashika kanuni ya mafundi kwamba amplifaya ipokeayo sharti iwe na ukinzani usiopungua mara kumi ya ule wa priamplifaya itoayo, na kwa valvu napenda izidi hapo.

Mahali pa pili ni upande wa santuri. Kichwa cha sindano cha sumaku hutoa milivoliti chache tu, na sahani zenyewe zimechongwa kwa makusudi zikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti nyembamba zilizoongezwa, ili mifereji isipanuke kupita kiasi na mvumo wa uso wa sahani usitawale. Kisha priamplifaya hurudisha mizani kwa kufanya kinyume chake. Mizani hiyo iliafikiwa na watengenezaji wa Marekani mnamo mwaka 1954 chini ya jina la RIAA, na tofauti yake si haba: kutoka hezi 20 hadi hezi 20,000 ni desibeli zipatazo 40. Santuri zilizotangulia mapatano hayo zilichongwa kwa mizani nyingine. Mwenye bahati ya kumiliki sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay tangu mwaka 1928, akazipitisha katika priamplifaya isiyojua ila RIAA, atasikia sauti iliyofunikwa juu na kuvimba chini, na huenda akaisifu kuwa ni joto la valvu, ilhali bibi yule aliimba kwa sauti kali iliyo wazi, na kinachosikika ni hesabu isiyo ya sahani ile. Hili hunisikitisha kuliko kasoro yoyote ya umeme, kwa sababu mtu hupenda kosa akalinasibisha na mwimbaji.

Kisha liko jambo la kubadilisha valvu, ambalo wenye vyombo hivi hulifanya kwa shauku kubwa, wakitafuta valvu za zamani za Telefunken au Mullard na kulipa thamani ambayo ingetosha kununua santuri nyingi njema. Wengine huichomoa 12AX7 wakatia 12AU7, kwa kuwa miguu yake hulingana na moto wake ni ule ule, wakasema sauti imetulia na imekuwa na adabu. Lakini 12AU7 hukuza takriban mara ishirini ambapo 12AX7 hukuza mara mia, na katika saketi ya santuri ya PAS-3, ambayo hutegemea wingi wa ukuzaji ili kuirudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kuchonga, upungufu huo huanza kuonekana chini kabisa, mahali panapohitaji ukuzaji mwingi kuliko pote. Utulivu wanaousifu ni wa besi iliyoondoka. Kwa saketi hii valvu ya 12AX7 ndiyo yake, nami sioni hoja ya kuibadilisha kwa jamii nyingine.

Hata baina ya valvu mbili za jamii moja, hukumu inataka insafu. Sikio la binadamu halitambui kwa urahisi kwamba sauti imepanda kwa desibeli moja. Badala yake hudhani kwamba imekuwa bora, iliyo karibu na yenye uhai. Desibeli moja ni tofauti kati ya voliti 2.00 na voliti 2.24 tu, na valvu mbili zilizotoka katika boksi moja zaweza kutofautiana kwa kadiri ya kukaribia hapo. Kwa hiyo mimi huchukua noti moja isiyobadilika, naipima kwa mita kwenye nyaya za spika, nakisogeza kitufe cha sauti mpaka valvu zote mbili zisome sawa, ndipo naweka muziki. Nikifanya hivyo, tofauti nyingi zilizoniajabisha hutoweka. Zile zinazobakia, nazo zipo, naziamini. Katika chombo changu zimebakia mbili. Ya kwanza ni kimya kilicho nyuma ya qanun, kwani valvu nyingine huvuma kidogo na nyingine hazivumi. Ya pili ni mlio wa valvu yenyewe inapotikiswa, kwa maana nyaya nyembamba za gridi huweza kucheza ndani ya kioo na kugeuza mtikisiko kuwa umeme: igonge taratibu kwa ncha ya kalamu ya mbao huku sauti ikiwa chini, na valvu mbovu itajibu kwa mlio wa kengele katika spika. Valvu ya namna hiyo haifai katika sehemu ya santuri hata ikiwa na jina kubwa namna gani, kwa sababu spika zenyewe huitikisa kila besi inapopiga, na sauti ya jana huchanganyika na ya leo.

Kwa wasomaji wa pwani yetu naongeza mambo matatu ya matumizi. PAS-3 nyingi zilijengwa kwa umeme wa Marekani wa voliti 120, basi sharti iwepo transfoma ya kupunguza voliti 230 zetu, kwani bila yake chombo huungua kwa muda mfupi. Hewa ya chumvi hula miguu ya valvu na soketi zake, na mikwaruzo ambayo watu huidhania ni uzee wa valvu mara nyingi huondoka zikichomolewa, zikasafishwa kwa spiriti na kurudishwa. Na kipande cha seleniamu kinachonyoosha umeme wa kupasha valvu moto hudhoofika kwa miaka. Fundi akikibadilisha kwa diodi za silikoni na aongeze rezista, la sivyo valvu zitapashwa kupita kiasi. Kazi hiyo ifanywe baada ya kuchomoa waya ukutani na kuumaliza umeme wa kapasita kubwa kwa rezista, kwani takriban voliti 300 huweza kubakia humo baada ya taa ya mbele kuzimika, nazo zinatosha kuua.