Kabla ya Kiwanda, Tuulize Maji Meusi

Pamba ikishavunwa kijijini kwetu Zagayu, kazi haijaisha. Miti yake hung'olewa, ikalundikwa pembeni mwa shamba na kuchomwa, kwani ikiachwa funza wekundu hujificha humo wakisubiri msimu ujao. Moshi ukipanda, hakosi mtu wa kuuliza: hivi miti hii haiwezi kutengeneza karatasi?

Inaweza, maana ina nyuzi. Linalonitia wasiwasi ni maji yatakayobaki baada ya kuipika.

Mgololo, wilayani Mufindi, kuna kiwanda cha karatasi kilichojengwa miaka ya 1980 karibu na misindano ya Sao Hill. Katika viwanda vya aina hiyo, vipande vya mti hupikwa kwa dawa kali za sodiamu na salfa, njia iliyobuniwa na Carl Dahl huko Ujerumani mwaka 1879. Karibu nusu ya mti hutoka ikiwa nyuzi. Nusu nyingine, hasa lignini, ile gundi inayoushikilia mti usimame, huyeyukia kwenye maji meusi yenye harufu mbaya.

Ukiyatazama utadhani ni uchafu wa kumwaga. Kumbe ndiyo mali. Hupunguzwa maji hadi yawe mazito kama molasi, kisha huchomwa ndani ya boila maalumu. Lignini huwaka na kutoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Sodiamu huyeyuka, hutiririka chini, nayo husafishwa na kurudi kupika mti mwingine. Misindano huongeza tapentaini, pamoja na utomvu unaoelea juu kama sabuni na kukombwa kwa ajili ya gundi na rangi. Norway, mjini Sarpsborg, kampuni ya Borregaard hupika miti kwa njia nyingine na kupata kutoka kwenye lignini vanilini, ile ladha ya vanila.

Tatizo ni bei ya boila hiyo: kiwanda kidogo hakiimudu. China ilikuwa na viwanda vingi vidogo vya karatasi vilivyopika mabua, vikamwaga maji meusi mitoni, na mwaka 1996 serikali ikaanza kuvifunga kwa wingi. Kwetu mto ni Simiyu, nao unaingia Ziwa Victoria, tunakokunywa na kuvua.

Kwa hiyo atakayeleta ramani ya kiwanda Zagayu, mkutano wa kijiji umwombe kwanza aonyeshe boila itakaa wapi na nani ataigharimia. Kama haimo kwenye ramani, arudi nayo.