Kuchaji simu dagoni: Faida iko kwenye betri, si kwenye inverta

MVUVI wa dagaa anaporudi pwani ya Kagunga alfajiri, simu yake mara nyingi iko karibu kuzima. Hilo si jambo dogo. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia mfuko wa fedha: bei ya Kigoma mjini huulizwa kwa simu na malipo huingia kwa simu. Ikizima, mauzo husimama.

Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, mpakani na Burundi. Wavuvi wanaopiga dago ufukweni hufuata samaki, hawafuati nguzo za umeme. Hapo ndipo inverta ndogo inapopata soko. Ni kisanduku kinachobadili umeme wa volti 12 wa betri ya gari kuwa volti 230, ili chaja za kawaida zichomekwe.

Mtaji wake si mkubwa, lakini anayetaka kuingia katika biashara hii apige hesabu kwanza. Inverta haizalishi umeme. Hubadili tu ule uliokwisha kuwekwa kwenye betri, na sehemu yake hupotea kama joto.

Chukua mfano wa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50. Ikijaa ina wati-saa 600. Betri ya aina hii ya tindikali haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kuuza ni 300 tu. Inverta ikila asilimia 15, zinabaki 255. Chaja nazo zikila moja ya tano, zinazofika kwenye simu ni kama 200.

Simu janja yenye betri ya miliampea-saa 5,000 huhitaji wati-saa 19 hivi kujaa. Kitochi huhitaji 4. Maana yake ni kwamba betri hiyo moja inajaza simu janja 10, au vitochi 50. Mwenye kutoza sh. 500 kwa kila simu atapata sh. 5,000 kwa kundi la kwanza na sh. 25,000 kwa la pili, kwa umeme uleule. Bei moja kwa simu zote humfanya mwenye kitochi amlipie mwenye simu janja, na wateja wa simu janja wakizidi, hasara humwangukia mwenye betri. Bei zipangwe kwa aina ya simu.

Hatari kubwa zaidi ni tamaa ya kumhudumia mteja mmoja wa mwisho. Inverta nyingi hujizima volti zinaposhuka hadi kama 10.5, wakati betri imekwisha kuumia. Mita ndogo ya volti ni kinga ya bei nafuu: betri iliyotulia ikisoma 12.2, imebaki nusu, na kazi isimame hadi ichajiwe kwa sola au jenereta. Betri ya gari, iliyotengenezwa kwa kuwasha injini, hufa haraka zaidi ikikamuliwa kila siku.

Kwa simu peke yake, chaja ya USB inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12 hupunguza upotevu, kwa kuwa umeme haupandishwi hadi 230 ili ushushwe tena. Inverta ibaki kwa kompyuta na mashine ya kunyolea.

Usalama nao ni sehemu ya mtaji. Fyuzi ikae karibu na betri, nyaya ziwe nene, na karabai au sigara visisogezwe betri inapochajiwa, kwani hutoa gesi inayolipuka. Volti 230 hazina nafasi ndani ya mtumbwi wenye maji.

Kuna pia msimu. Siku za mbalamwezi uvuvi wa dagaa hupungua, na mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Aliyekopa kununua betri kwa marejesho ya kila wiki hukosa wateja wakati deni linaendelea. Isitoshe, betri ikiachwa miezi mitatu bila chaji huharibika yenyewe.

Kwa hiyo kila siku ya mauzo itengewe fungu la kununua betri nyingine. Kinachobaki baada ya fungu hilo ndiyo faida.