Kuwa na HIV Si Mwisho, Ngori ni Kuacha Dawa

Wasee wa Kibera na Kawangware, tuelewane. MSF ilianza kupeana ARV za bure Kibera 2003, lakini enzi hizo ulingoja kinga ishuke ndio uanzishiwe. Tangu 2016, Kenya inakuanzishia dawa ukipatikana tu na virusi, hata ukijiskia fiti. Anayeanza mapema huishi poa. Anayefika wodini amekonda, TB imeshamkalia, safari yake huwa ngumu. Wengine huacha dawa juu mwili umerudi, ama wameenda ocha bila kuzibeba. Virusi havijatoka, vimejificha tu. Meza kila siku. Vipimo vikishindwa kuviona, na ikae hivyo, huambukizi mtu kwa ngono. Ukihama mtaa, itisha kliniki barua ya uhamisho.