Ramani ya Tokyo ndani ya gari la Dar: mnunuzi analipia nini?

Biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani imezaa biashara nyingine ndogo pembeni yake, nayo ni ya kubadili redio za magari hayo ili zionyeshe barabara za Dar es Salaam, Arusha au Nairobi badala ya zile za Tokyo na Osaka. Kazi hiyo ina mafundi wake, maduka yake na maneno yake ya kumvutia mteja. Hata hivyo wanunuzi wengi hulipia wasichokihitaji, au hununua kifaa kizuri ambacho hufungwa vibaya na kuua betri kabla ya wiki kwisha.

Wajapani ndio waliotangulia katika jambo hili. Kampuni ya Honda ilitoa kifaa cha kuonyesha njia kwenye ramani mwaka 1981, kabla setilaiti hazijatumika kwa kazi hiyo kwenye magari, na mwaka 1990 Mazda ikatoa gari la Eunos Cosmo lenye kifaa kinachopokea ishara za GPS. Ndiyo maana gari dogo la kawaida linaloteremshwa bandarini huwa na skrini ya ramani ambayo mwenye gari jipya kwingineko alikuwa akiilipia zaidi.

Lakini ramani hiyo ni ya Japani peke yake. Imewekwa kwenye kisahani cha DVD, diski ya ndani au kadi ya SD, na programu inayoisoma imeandikwa kwa ajili ya ramani hiyo tu. Wapo mafundi wanaoweza kubadili menyu za baadhi ya redio zikawa za Kiingereza, na hilo lina faida yake. Mteja afahamu tu kwamba baada ya kulipia menyu ya Kiingereza, barabara zitabaki zile zile za Japani.

Tahadhari ya kwanza inahusu kadi. Redio nyingi za Toyota ambazo majina yake huanza na NSZT au NSCT hutegemea kadi ya SD iliyokuja nazo. Kadi hiyo ikichomolewa, au ikiibwa njiani kama inavyotokea, skrini husimama kwenye maandishi ya Kijapani yanayodai kadi, na hata muziki hausikiki. Kununua kadi tupu na kunakili mafaili hakutoshi, kwa kuwa kifaa hukagua pia namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Vilevile redio iliyowekewa ulinzi hujifunga betri inapofunguliwa, ikadai namba ya siri ambayo mwenye gari wa Japani hakuiandika popote. Kwa hiyo kabla ya kufungua betri ya gari lililofika jana, ni busara kuuliza kwanza.

Kuna pia yule mama wa Kijapani anayesema kila gari linapowashwa. Wengi hudhani ni redio inayosema, wakainunulia nyingine, kisha wakashangaa kumsikia tena asubuhi. Mara nyingi sauti hiyo hutoka kwenye kifaa cha ETC, kinacholipia barabara za kulipia huko Japani, na kinachosemwa ni kwamba kadi ya malipo haijaingizwa. Hicho ni kifaa tofauti chenye waya zake. Kikichomolewa plagi mama hunyamaza, na kazi hiyo haina sababu ya kuwa ghali.

Mteja ambaye shida yake ni redio tu hana haja ya skrini mpya. Redio ya Japani hupokea FM kuanzia megahezi 76, na nyingi huishia 90, wakati vituo vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108. Ekspanda, kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, hushusha masafa kwa kiasi fulani: ikiwa ni ya megahezi 12, kituo cha 100 husikika kwenye 88. Usikivu hupungua kidogo na namba za kwenye skrini hazilingani na za kituo, lakini gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kubadili redio nzima.

Anayetaka ramani ya nyumbani ndani ya dashibodi ndiye anayehitaji kifaa kipya. Kwa miaka mingi skrini zilizotoka China zilitumia Windows CE. Kuziwekea programu ya ramani kulikuwa kazi rahisi kuliko mafundi walivyotaka ionekane. Programu kama iGO iliwekwa kwenye kadi ya SD pamoja na folda ya ramani, kisha katika menyu ya mipangilio fundi akakionyesha kifaa faili la kuwashia programu lilipo. Baada ya hapo kitufe cha ramani kilifungua kile kilichochaguliwa. Makosa ya kawaida yalikuwa mawili: ukubwa wa picha usiolingana na skrini, na mlango usio sahihi wa kupokea ishara za GPS, hivyo gari likabaki limesimama kwenye ramani huku likikimbia barabarani. Vifaa hivyo bado vinauzwa vikiwa vimetumika. Microsoft iliacha kuhudumia toleo la mwisho la mfumo huo Oktoba 2023, na ramani isiyo na leseni haipati marekebisho, kwa hiyo bei yake ya chini ina sababu.

Leo soko ni la redio za Android. Hapa programu huingizwa kama kwenye simu, kutoka dukani mwake au kwa faili lililowekwa kwenye flashi. Ndipo ulaghai ulipohamia. Baadhi ya redio huandika kwenye skrini kwamba zina Android 13 ilhali ndani yake mna toleo la miaka mingi nyuma, na kumbukumbu iliyotangazwa haipo. Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi: mteja aweke programu ya ukaguzi kama CPU-Z na kusoma namba ya API. Android 13 ya kweli husoma 33, Android 10 husoma 29, Android 8.1 husoma 27. Muuzaji akikataa jaribio hilo kabla ya malipo, hilo lenyewe ni jibu. Suala hili si la majivuno, kwani programu za ramani huacha kukubali matoleo ya zamani, na redio inayoonekana mpya ikajikuta haina ramani.

Kisha inakuja kazi ya waya, ambayo ndiyo inayotofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi. Redio hizi kwa kawaida zina waya wa njano unaotakiwa kupata umeme wa betri muda wote, mwekundu unaopata umeme funguo inapogeuzwa, na mweusi wa kwenda bodi. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio husahau kila kitu gari linapozimwa na huanza upya kila asubuhi. Zote mbili zikiunganishwa kwenye umeme wa muda wote, kifaa hakilali. Redio inayovuta nusu ampea usiku na mchana humaliza betri ya ampea-saa 45 katika saa 90, yaani chini ya siku nne, na gari hukataa kuwaka mapema zaidi ya hapo. Mwenye gari atanunua betri mpya, kisha nyingine, bila kuitilia shaka redio. Kwa Toyota nyingi zipo plagi za kati zinazoingia bila kukata waya hata mmoja. Fundi anayeanza kwa kukata waya ana haja ya kueleza kwa nini. Kwenye lori la volti 24 redio ya volti 12 haifungwi bila kipunguza umeme.

Ukubwa nao huleta hasara. Nafasi ya Toyota nyingi za Japani ina upana wa milimita 200, wakati redio ya kawaida ya mikanda miwili ina takriban 178, hivyo fremu ya kuziba pengo hununuliwa pamoja na redio. Antena ya GPS iwekwe juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, isifichwe nyuma ya chuma.

Wauzaji hupenda kusema GPS inahitaji bando. Si kweli. Ishara za setilaiti hazilipiwi, na tangu Marekani ilipoacha kuziharibu makusudi Mei 2000, mtu wa kawaida hujua alipo kwa tofauti ya mita chache badala ya mita mia. Kinachohitaji intaneti ni ramani na taarifa za foleni. Ramani ikishapakuliwa, programu kama Organic Maps na OsmAnd huongoza gari bila mtandao wowote. Zote hutumia OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Kwa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa sababu ya mafuriko, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu kuchora mitaa, mifereji na nyumba kata kwa kata, na matokeo yake vichochoro vingi vya jiji hilo vimo ndani ya ramani ya bure. Google nayo inaruhusu kupakua eneo, ila taarifa za foleni hazipatikani mtandao ukikatika.

Hesabu ya mwisho inategemea gari linafanya kazi gani. Dereva wa teksi wa mjini anayepokea abiria kwa simu tayari ana ramani bora mkononi, yenye foleni za dakika hiyo, na kishikio cha simu chenye chaja imara kitamfaa kuliko skrini ya bei kubwa. Hali ni tofauti kwa mwenye gari la kusambaza bidhaa mikoani, ambako mtandao hukatika na dereva hubadilika kila mwezi. Huyo skrini iliyofungwa ndani ya gari yenye ramani iliyopakuliwa inamfaa, kwa sababu haiondoki na dereva. Kwa magari ya karibuni zaidi, ambayo skrini yake ndiyo inayobeba pia mipangilio ya gari na kamera ya nyuma, mnunuzi aangalie kwanza kama inakubali kuunganishwa na simu kwa Android Auto au CarPlay. Ikikubali, waya mmoja unatosha na dashibodi haifunguliwi.

Anayeamua kubadili adai redio ya zamani arudishiwe pamoja na kadi yake. Mnunuzi atakayefuata huenda akaitaka, na mafundi wengine huipunguza kwenye bei bila kusema wanaiuza wapi.